Mwenye Nguvu na Mwaminifu: Kumpata Msimamizi Bora wa Wahandisi, na Kuwa Yeye



Ndugu zangu, darsa ya toleo hili naianza kwa kukiri kosa. Mwaka jana, miezi miwili kabla ya Ramadhani, kaka na dada zetu waliomaliza chuo walitupatia tangi la maji la lita 5,000 pamoja na fedha za kujenga mahali pa kutawadhia kando ya msikiti wa chuo. Shura ilitafuta mtu wa kuongoza kazi ile, nami wakati huo nilikuwa katibu. Nilisimama nikamtaja ndugu mmoja wa uhandisi wa ujenzi, mwaka wa nne. Alama zake zilikuwa za juu kuliko za wenzake wote, na ndiye aliyekuwa akiitwa kila kitu kilipoharibika hosteli. Nikasema, "Nani zaidi yake?" Hakuna aliyepinga. Yeye mwenyewe hakuomba, alikubali kwa ajili ya Allah. Tukampa vijana wanane na tukaenda zetu kulala.

Kila paipu aliikata mwenyewe. Kijana akikosea kipimo, alichukua msumeno mkononi mwake na kumaliza kazi bila kusema neno. Kufikia wiki ya tatu, wale wanane walikuwa wamebaki watatu. Hawakuwa wavivu, ila hapakuwa na kazi waliyopewa zaidi ya kumshikia tochi. Akina dada walikuwa na neno kuhusu upande wao, lakini hawakujua wamwambie nani. Kisha mitihani ikaingia, ndugu yetu akashikwa na malaria, na kwa kuwa mchoro wote ulikuwa kichwani mwake, kazi ikasimama. Usiku wa kwanza wa tarawehe tulitawadha kwa madumu, na tangi jipya liko juu ya mnara limejaa maji yasiyofika popote.

Watu walisema, naye akasikia. Ramadhani nzima hakuonekana msikitini. Nilipomwendea chumbani kwake hakunifokea. Aliniambia tu, "Bwana katibu, mimi najua paipu. Ninyi mlinipa watu."

Neno lile limekaa nami mwaka mzima. Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mko katika uhandisi wa ujenzi, wa umeme, wa mitambo, na wengine mnaandika programu za kompyuta. Miaka michache ijayo baadhi yenu mtaambiwa mwongoze timu, na wengine mtakaa kwenye meza ya kuajiri mkimchagua atakayeongoza. Mimi si mhandisi, nasoma masomo ya Kiislamu. Nilichofanya ni kurudi kwenye vitabu vyangu na kuuliza: nilikosea wapi? Niliyoyapata nayaleta kwenu. Yaliyo sawa ni kwa tawfiki ya Allah, na palipo na kosa ni langu.

Nguvu ipi?

Siku ile ya shura niliitumia dalili ambayo sote tunaijua. Katika Surat Al-Qasas tunasoma jinsi Nabii Musa (A.S.) alivyofika Madyan akiwa mkimbizi, mwenye njaa, hana mtu. Akawakuta wachungaji wakinywesha mifugo, na kando yao mabinti wawili wakizuia wanyama wao wasisogee kisimani. Akawanyweshea, kisha akaenda kukaa kivulini. Baadaye mmoja wa mabinti wale alimshauri baba yake amwajiri kijana yule, na akataja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: awe na nguvu na awe mwaminifu (aya ya 26).

Nikasema kwenye shura: ndugu yetu huyu ana nguvu, maana anaijua kazi, na ni mwaminifu, maana hatujawahi kumwona akigusa senti isiyo yake. Basi sifa zimetimia.

Shekhe Ibn Taymiyya (aliyefariki mwaka 728 Hijria, yaani 1328 Miladia) aliziweka sifa hizi mbili kuwa nguzo za uteuzi katika kitabu chake As-Siyasa ash-Shar'iyya. Lakini aliongeza jambo ambalo mimi nililiruka. Anaeleza kuwa nguvu katika kila wadhifa ni kwa kadiri ya wadhifa wenyewe. Nguvu ya kuongoza vita ni ushujaa na kuzijua mbinu za vita. Nguvu ya kadhi ni kuijua haki na kuweza kuitekeleza. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na nguvu hapa na asiwe nayo pale. Tena anasema sifa hizi mbili ni nadra kukutana kwa ukamilifu ndani ya mtu mmoja, hivyo anayeteua atazame wadhifa ule unahitaji ipi zaidi.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Nilipima nguvu ya fundi, kisha nikaitolea wadhifa wa msimamizi wa mafundi. Nguvu ya fundi ni kile ambacho mikono yake inaweza kufanya. Msimamizi anapimwa kwa kile ambacho mikono ya wengine imeweza kufanya kwa sababu yeye yupo. Kuchagua watu, kuwagawia kazi, kuwaondolea kizuizi, kuwasikiliza, kuwafundisha, na kujibu mbele ya waliompa kazi: huo ndio msumeno wake na ndiyo spana yake. Ni ufundi mwingine, nao hujifunzwa kama ufundi wowote.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba msimamizi wa wahandisi anaweza kuwa mtu asiyejua uhandisi. Asiyeijua kazi atadanganywa kwenye bei, atakubali tarehe zisizowezekana, na hatajua ni lini fundi anasema kweli kwamba jambo ni gumu. Ujuzi wa kazi ni mlango wa kuingilia, lakini mlango peke yake si nyumba.

Unapomtafuta

Ukipewa jukumu la kuajiri au kuteua, kumbuka kwanza kwamba amana imeanza kwako kabla ya kumfikia yeye. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume (S.A.W.) aliulizwa kuhusu Kiyama, akaeleza kuwa kupotezwa kwa amana ni katika alama zake; na alipoulizwa amana hupotezwaje, akajibu kwa maana kwamba ni pale mambo yanapokabidhiwa wasio watu wake. Anayekabidhi ana sehemu yake katika upotevu huo. Haya mambo manne ningependa ningeyajua siku ile.

La kwanza: waulize waliofanya kazi chini yake. Inasimuliwa kuwa mtu mmoja alimsifia mwenzake mbele ya Umar bin Al-Khattab (R.A.), naye Umar akamhoji. Je, wewe ni jirani yake unayejua kuingia kwake na kutoka kwake? Umewahi kufanya naye biashara ya dinari na dirhamu? Umesafiri naye? Alipojibiwa hapana kwa yote, Umar akamwambia kwamba basi humjui. Tazameni maswali yale: hakuna hata moja linalohusu jinsi mtu anavyoonekana. Yote yanahusu mahali ambapo tabia haiwezi kujificha.

Baba yangu mdogo ana gereji Buyenzi, Bujumbura. Wanaoijua Buyenzi wanajua kwamba ni mtaa wa Kiswahili na mtaa wa mafundi magari. Nilimuuliza anampataje msimamizi wa gereji. Akaniambia: "Fundi anayekuja kuomba kazi ya kusimamia, simuulizi yeye injini. Naenda kule alikotoka, nawatafuta vijana waliokuwa wanafunzi wake. Nikikuta kijana wake mmoja amekuwa fundi kamili, ninamchukua. Nikikuta wote bado wanaosha spana, ninamwachia tajiri wake." Kama ningewauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliowahi kufanya kazi za darasani pamoja na ndugu yetu, wangeniambia: ni mkarimu, lakini hufanya yote peke yake.

La pili: tazama kazi inahitaji nini, usitazame mtu ametoka wapi. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) ulipokuwa ukijengwa Madina alifika Talq bin Ali (R.A.), mtu wa Yamama. Mtume (S.A.W.) alipoona jinsi alivyoujua udongo, aliagiza aachiwe kazi ya kuukanda, kwa kuwa alikuwa mjuzi wake kuliko wengine. Alikuwa mgeni miongoni mwa Masahaba wakubwa, lakini kwenye udongo alitangulizwa. Na katika Hijra, Mtume (S.A.W.) na Abubakar (R.A.) walimwajiri Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia. Hakuwa Mwislamu wakati ule, lakini aliijua njia, na walimwamini kiasi cha kumkabidhi ngamia wao. Roho zao ziliwekwa mikononi mwa mtu mwenye ustadi na uaminifu wa kazi ile.

Hapa tujisemee ukweli. Katika jumuiya yetu wamo Waganda, Watanzania, Wakenya, Wanyarwanda, Wakongo na sisi Warundi, na kila uchaguzi tunasikia minong'ono: safari hii ni zamu ya fulani. Tukizoea hivyo hapa, tutaajiri hivyo kesho, na daraja litakaloanguka halitauliza msimamizi wake alikuwa wa kabila gani.

La tatu: wema peke yake hautoshi. Abu Dharr (R.A.) ni katika watu wakweli mno waliowahi kuukanyaga mchanga. Alipomwomba Mtume (S.A.W.) ampe uongozi, alipigwapigwa begani kwa upole na kuelezwa kwamba yeye ni dhaifu katika jambo lile, na kwamba uongozi ni amana ambayo Siku ya Kiyama huweza kuwa hizaya na majuto (Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim). Hakuna aliyetilia shaka dini ya Abu Dharr. Alichokosa ni nguvu ya wadhifa ule tu, na kuambiwa hivyo kulikuwa ni kumhurumia. Sisi tulikosa huruma hiyo. Tulimpenda ndugu yetu, tukadhani kumpa kazi kubwa ni kumheshimu.

La nne: sikiliza anachokitaka. Abdurrahman bin Samura (R.A.) aliusiwa na Mtume (S.A.W.) asiombe uongozi, kwa kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mwenyewe, na anayepewa bila kuomba husaidiwa. Lakini Nabii Yusuf (A.S.) alimwambia mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, akitaja kwamba yeye ni mhifadhi na mjuzi (Surat Yusuf, aya ya 55). Wanavyuoni wameeleza kuwa hapana mgongano: Yusuf alisema vile kwa maslahi ya watu, njaa inakuja, na hakuwapo mwingine wa kuikabili kama yeye. Alitaja ujuzi wake na uaminifu wake, hakutaja cheo.

Siku hizi kazi haipatikani bila kupeleka maombi na kukaa kwenye usaili, na hilo halina ubaya. Ila wewe unayeuliza maswali, tega sikio. Anazungumza zaidi kuhusu watu na kazi, au kuhusu cheo na mshahara? Muulize, "Nisimulie kazi iliyoharibika mikononi mwako." Asiyekuwa nayo hata moja, au aliye nazo kumi na zote kosa ni la wengine, usimkabidhi watu. Kisha muulize, "Ni nani uliyemfundisha hadi akakupita?" Ukiona uso umechangamka na jina limekuja haraka, umekaribia kumpata.

Na kabla sijaliacha jambo la kuajiri, turudi Madyan. Yule binti hakushauri kwa kusikia sifa. Alikuwa amemwona Musa akifanya kazi, tena wakati ambapo hapakuwa na ujira wala mtu wa kumsifu. Inapowezekana, mpe mtu kazi ndogo ya kuongoza wawili au watatu kabla hujampa thelathini.

Unapokuwa wewe

Sasa tuseme umechaguliwa. Jana ulikuwa fundi bora wa timu, leo timu ni yako. Jambo la kwanza litakalokuuma ni kwamba unaweza kuifanya kazi ya kijana wako kwa saa moja, naye itamchukua siku mbili. Mkono utawasha. Huo ndio mtihani ulioanguka ndugu yetu, na wengi wataanguka.

Tazama Vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria. Wazo la kuchimba handaki lilitoka kwa Salman Al-Farisi (R.A.), mtu wa Uajemi, na lilikubaliwa japo Waarabu hawakulizoea. Inasimuliwa kuwa kazi iligawanywa, kila watu 10 wakapewa dhiraa 40. Kila kundi lilijua mpaka wake unapoanzia na unapoishia. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alibeba udongo pamoja nao, hata vumbi likamfunika tumbo. Jabir (R.A.) anasimulia kuwa walipokutana na jabali gumu lililowashinda walimwendea, naye akainuka hali amefunga jiwe tumboni kwa njaa, akachukua sururu akalipiga likawa kama mchanga.

Msimamizi wa kazi na afikiri sana hapo. Hakuwanyang'anya watu sururu zao. Aliwaachia dhiraa zao 40, akawa pamoja nao kwenye vumbi, na walipofika kwenye jabali walijua pa kwenda na hawakuogopa kwenda. Kijana wako akikwama, je, anakujia, au anakaa siku tatu akijifanya yuko sawa kwa kuogopa uso wako?

Dhul-Qarnayn naye, katika Surat Al-Kahf (aya ya 93 hadi 97), aliwakuta watu waliotaka kumlipa awajengee kizuizi dhidi ya Yaajuj na Maajuj. Aliikataa mali yao, akaomba nguvu zao. Kisha akawapa kazi hatua kwa hatua: leteni vipande vya chuma, jazeni baina ya milima miwili, vukuteni mpaka kiwe moto, leteni shaba iliyoyeyuka niimimine. Watu wale, kwa maelezo ya Qur'ani, walikuwa hata kufahamu maneno ni shida kwao. Lakini waliongozwa na mtu aliyeweza kuigawa kazi kubwa katika vipande ambavyo kila mmoja aliweza kuvishika, na kizuizi kikasimama. Ilipokwisha alisema hiyo ni rehema ya Mola wake. Hakujiandikia jina.

La kusikiliza tulichukue kwa Nabii Sulaiman (A.S.) katika Surat An-Naml. Alikagua ndege, akamkosa hudhud mmoja. Kwanza, alikagua: aliwajua walio chini yake kiasi cha kuona kwamba mmoja hayupo. Pili, alikasirika na kutaja adhabu, lakini aliacha nafasi, isipokuwa aje na hoja iliyo wazi. Tatu, ndege yule mdogo alisimama mbele ya mfalme akasema amejua jambo ambalo mfalme halijui, naye akasikilizwa. Nne, Sulaiman hakuamini papo hapo wala hakukanusha, alisema atatazama kama ni mkweli, akampa barua aipeleke. Katika uhandisi, habari mbaya iliyochelewa huua watu. Nondo pungufu, waya uliochomwa vibaya, hitilafu kwenye programu ya hospitali: daima yuko hudhud mmoja aliyeiona kwanza. Akikuona wewe ni mtu wa adhabu tu, atanyamaza.

Na usiwatwishe wasiyoyaweza. Mtume (S.A.W.) aliagiza kuhusu walio chini yetu kwamba tusiwakalifishe yanayowashinda, na tukiwakalifisha basi tuwasaidie. Pia alihimiza ujira wa mfanyakazi utolewe mapema. Ukikubali tarehe ambayo haiwezekani ili umfurahishe mkubwa wako, usiku wa vijana wako ndio utakaoilipa. Kusema hapana kwa adabu juu, ili watu wa chini wapumue, nako ni katika amana.

Fundi aliyekuwa mkuu wa mafundi

Nimalizie mifano kwa mtu wa historia ambaye kazi yake bado inasimama. Sinan, aliyefariki mwaka 1588, alianza kama askari wa dola ya Uthmaniyya aliyejifunza useremala. Katika msafara wa mwaka 1538 inasimuliwa kuwa alijenga daraja juu ya mto Prut kwa siku 13, jeshi likavuka. Baada ya hapo alifanywa msanifu mkuu wa dola, akabaki katika cheo hicho karibu miaka 50, chini ya masultani watatu.

Hakuna mtu anayejenga mamia ya misikiti, madaraja, madrasa na mahamamu kwa mikono yake miwili. Sinan aliongoza ofisi ya wasanifu na maelfu ya mafundi. Msikiti wa Süleymaniye wa Istanbul ulijengwa tangu 1550 hadi 1557, na madaftari ya ujenzi wake yamehifadhiwa mpaka leo. Ndani yake wamo Waislamu na Wakristo waliofanya kazi bega kwa bega, na ujira wao umeandikwa. Tazama uaminifu wa hesabu ulivyo: karne nne na zaidi zimepita na bado daftari linatoa ushahidi.

Naye alipata msiba wa kazi. Mwaka 1563 mafuriko yaliharibu madaraja ya maji aliyoyajenga nje ya Istanbul. Hakujificha. Yalijengwa upya, na daraja la Mağlova bado lipo. Msikiti wa Selimiye wa Edirne, unaohesabiwa kuwa kilele cha ufundi wake, ulikamilika mwaka 1575 hivi, akiwa mzee wa miaka 80 na ushei. Lakini kwangu ushahidi mkubwa zaidi ni huu: Mehmed Agha, aliyejenga msikiti wa Sultan Ahmed wa Istanbul kuanzia 1609, alikuwa mwanafunzi wake. Sinan alikuwa ameshazikwa miaka 20 na zaidi, na kazi haikusimama. Yetu ilisimama kwa homa ya siku tano.

Tulivyorudi kazini

Baada ya Idi nilimwendea tena ndugu yetu. Sikwenda kumpa moyo, nilikwenda kuomba msamaha. Nilimtwisha amana bila kumpima, na wengine walipomlaumu nikanyamaza ilhali mimi ndiye niliyemtaja. Kisha nikayasema hayo hayo mbele ya shura.

Safari ile tulianza kwa kuuliza. Yuko ndugu wa mwaka wa pili, uhandisi wa umeme, ambaye alama zake ni za kawaida kabisa. Alikuwa amesimamia jiko la futari Ramadhani nzima. Tuliwauliza waliopika chini yake kama wangekubali kufanya kazi naye tena. Wote walisema ndiyo, na mmoja akasema, "Alinifundisha kukadiria mchele wa watu 200, sasa najua." Tukamteua.

Siku mbili za kwanza hakugusa paipu. Aliwatembelea wale vijana waliojitenga, mmoja mmoja. Akaenda kwa akina dada, na ndipo tulipojua neno lao: mabomba ya upande wao yalikuwa yameelekezwa njiani, hakuna ambaye angeweza kukunja mikono akatawadha kwa staha. Ukuta ukahamishwa kabla ya saruji kumwagwa. Ndugu yetu wa kwanza aliombwa jambo moja tu: auchore mchoro kwenye karatasi, na awafundishe vijana wawili kuunga paipu. Alikubali. Wiki ya kwanza alimnyang'anya kijana msumeno mara mbili. Msimamizi alimwita kando, wakazungumza, sikujua walisema nini. Wiki ya pili nilimkuta amefunga mikono nyuma ya mgongo, anatazama kijana akikata, na jasho linamtoka yeye.

Maji yalitoka kabla ya siku kumi za Dhul-Hijja. Mwezi uliopita koki moja ilivuja, na aliyeitengeneza ni kijana wa mwaka wa kwanza ambaye mwaka jana alikuwa akishika tochi. Ndugu yetu amekwisha kuhitimu. Wiki mbili zilizopita alinitumia ujumbe kwamba kazini wanataka kumpa timu ya mafundi sita, na akaniuliza ninaonaje. Nilimjibu kwamba safari hii nisingemtaja mbele ya mtu yeyote kabla sijamuuliza swali moja: je, unawataka wale sita, au unakitaka cheo? Bado hajajibu. Nimefurahi kwamba anafikiri.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Taja wadhifa mmoja katika jumuiya yetu. Nguvu ya wadhifa huo hasa ni ipi? Je, ndiyo tuliyoitazama tulipochagua?
2. Ni nani aliyewahi kufanya kazi chini yako? Leo akiulizwa kuhusu wewe, atasema nini?
3. Ni kazi gani unayoifanya peke yako ambayo ukiugua wiki moja itasimama? Utamfundisha nani?
4. Ni lini mara ya mwisho mdogo wako alikuletea habari mbaya? Ulimpokeaje?

Tunamwomba Allah (S.W.) asitutwishe amana tusizoziweza, atupe nguvu katika zile alizotupa, na atusamehe pale tulipowatwisha wenzetu bila kuwapima. Amin.

Wabillahi tawfiq.